Namba za jicho: jinsi kemia ya mwili inavyopimwa baada ya kifo

Karatasi ya majibu inatoka mashineni: potasiamu 12, sodiamu 141, urea 7, sukari 1.1, zote kwa milimoli kwa lita. Mashine imeweka alama ya hatari kwenye potasiamu na kwenye sukari. Kwa mgonjwa wa wodini, mtaalamu wa maabara angekimbilia simu, maana potasiamu ya 12 moyo hauihimili, na mwenye sukari ya 1.1 ameshazimia. Lakini sampuli hii imetoka mochwari. Ni ute wa jicho la mtu aliyefariki juzi, na kwa mtu huyo hakuna namba ya kushtua hata moja. Potasiamu imepanda kwa sababu lazima ipande. Sukari imeshuka kwa sababu lazima ishuke. Sodiamu na urea ndizo zenye habari, nazo zinasema maji ya mwili na figo vilikuwa sawa hadi mwisho.

Makosa mengi ya fani hii huanzia hapo, kwenye kusoma namba za maiti kwa vigezo vya walio hai. Na ni makosa yanayoumiza, kwa sababu vipimo hivi huombwa pale ambapo vingine vimenyamaza. Mtu amekutwa amekufa kitandani Nkuhungu au Chang'ombe, hapa Dodoma, hana jeraha, moyo mzima, mapafu yamejaa maji kidogo kama ya watu wengi wanaokufa. Kisu hakioni sukari. Hakioni upungufu wa maji wa siku tatu, wala tindikali iliyotokana na mwili kuunguza mafuta badala ya sukari. Kemia peke yake ndiyo inayoweza kuviona, ikiwa sampuli imechukuliwa mahali pake na kwa wakati wake.

Seli zinaendelea kufanya kazi

Moyo ukisimama, seli haziachi kazi papo hapo. Zinaendelea kula glukosi iliyobaki bila oksijeni na kutoa laktati. Ndiyo maana sukari hushuka na laktati hupanda katika kila maiti, awe alikufa kwa malaria, kwa ajali au usingizini. Pampu za kuta za seli, zile zinazobakiza potasiamu ndani na sodiamu nje, zinaishiwa nguvu, na potasiamu inavuja. Ini nalo linavunja akiba yake ya glaikojeni na kumwaga sukari kwenye mshipa mkuu unaoelekea upande wa kulia wa moyo. Damu ikivutwa hapo inaweza kuonyesha sukari ya juu kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua kisukari, wakati damu ya mshipa wa paja ya mtu huyohuyo inaonyesha karibu na sifuri. Damu ile ile, namba mbili zinazopingana, na zote zimepimwa sawasawa.

Kwa hiyo damu ni shahidi dhaifu wa sukari na chumvi. Shahidi bora ni ute wa jicho, jeli angavu inayojaza nafasi iliyo nyuma ya lenzi, yapata mililita nne kwa kila jicho la mtu mzima. Hauna mishipa ya damu ndani yake, una seli chache sana, umezingirwa na mfupa, na uko mbali na tumbo ambako bakteria huanzia kazi ya kuozesha. Mtafiti Naumann alianza kuchapisha vipimo vya ute huo mwaka 1959, kisha John Coe wa Minneapolis, Marekani, akatumia miaka mingi kupanga namba hizo katika sura zinazotambulika. Sura zake tunazitumia hadi leo.

Ute una sifa nyingine inayosahaulika: huwa nyuma ya damu. Sukari inaingia na kutoka jichoni polepole, hivyo ute huonyesha zaidi hali ya saa zilizotangulia kifo. Mgonjwa akichomwa dextrose ya asilimia 50 dakika chache kabla hajakata roho, damu yake itajaa sukari ya dripu, lakini jicho halitakuwa limeipokea yote. Ndiyo sababu faili la mgonjwa linapaswa kufika mochwari pamoja na mwili, na saa ya kila dawa iwe imeandikwa.

Kuvuta ute

Kazi hii haichukui dakika kumi, na ndiyo inayoamua kama majibu yatafaa. Andaa bomba la sindano la mililita 5 au 10 na sindano ya geji 18 hadi 20. Fungua kope, panguza jicho kwa pamba kavu. Ingia upande wa pembe ya nje, kwenye weupe wa jicho, milimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa duara jeusi, ukielekeza ncha katikati ya jicho. Kama konea, kioo cha mbele cha jicho, bado ni angavu, utaiona ncha ikitokea nyuma ya mboni. Simama hapo, kisha vuta taratibu. Ute ni mzito, unakuja kama uteute wa bamia, na kishawishi ni kuvuta kwa nguvu. Usifanye hivyo. Mvuto mkali unabandua seli za retina, utando wa nyuma wa jicho, na seli hizo zimejaa potasiamu. Ukiona vipande vyeusi au rangi ya kahawia kwenye bomba, iandike kwenye fomu, kwa sababu potasiamu ya sampuli hiyo haiaminiki tena.

Vuta ute wote unaokuja, mililita mbili hadi tatu. Ukichukua kidogo tu, utakuwa umepima sehemu moja ya jicho, na ute wa karibu na retina haufanani na wa katikati. Jicho la kulia na la kushoto viwe na chupa tofauti.

Kabla hujachomoa sindano, ondoa bomba na uache sindano mahali pake, unganisha bomba lenye maji ya chumvi ya hospitali, rudisha kiasi kilekile ulichotoa. Jicho linajaa, kope linafunga vizuri, na wanaokuja kuosha mwili hawaoni tofauti. Hili tunalisisitiza kwa sababu ni haki ya ndugu, na kwa sababu familia ikiona jicho limebonyea itaamini kuwa kuna kiungo kimetolewa. Hakuna maelezo yatakayowarudisha baada ya hapo. Wakielezwa mapema kwamba kilichochukuliwa ni maji ya kijiko kimoja, wengi wanaelewa.

Mtoto mchanga ana ubaguzi wake. Ikiwa kuna shaka kwamba alitikiswa au kupigwa, macho yakaguliwe kwanza kutafuta damu kwenye retina. Sindano ikitangulia, inaweza kuleta damu ambayo haikuwepo.

Chupa ni mtego mwingine. Ile ya kofia ya kijivu ina floraidi, ambayo inazuia sukari isiendelee kuliwa na pombe isitengenezwe na vijidudu, kwa hiyo ni chupa ya sukari na pombe. Lakini floraidi hiyo ni chumvi ya sodiamu, na mara nyingi imechanganywa na oksalati ya potasiamu. Ukipimia humo sodiamu na potasiamu, umepima chupa. Chumvi, urea na kreatinini (taka zinazoondolewa na figo) na ketoni (zao la mwili kuunguza mafuta) ziende kwenye chupa tupu isiyo na dawa. Tumekuwa tukirudia jambo hili katika kila mafunzo, na bado ni kosa la kwanza kwa wingi.

Baada ya hapo ni ubaridi: nyuzi joto 4 kama kipimo ni cha siku hizo, nyuzi 20 chini ya sifuri kama kitasubiri. Kutoka Kongwa au Mpwapwa hadi Dodoma mjini, kibebea chanjo chenye barafu kinatosha kabisa. Na kama mwili utasafirishwa mbali na familia imeomba uchomwe dawa ya kuhifadhi, sampuli zote zitangulie. Formalini ikishaingia mwilini, mengi ya tunayoyazungumzia hapa hayapimiki tena kwa kuaminika.

Kwenye mashine

Ute ukiingizwa mashineni ulivyo, kijibomba cha kunyonyea kinashindwa kuvuta kiasi kamili, au kinaziba. Dalili yake ni rahisi kuitambua: namba zote zimeshuka kwa pamoja, sodiamu 98, kloraidi 80, urea 2, kana kwamba mtu aliongezwa maji. Izungushe sampuli kwanza kwenye sentrifyuji, mizunguko 3,000 kwa dakika kwa dakika 10, utumie maji ya juu. Maabara yenye kimeng'enya cha hailuronidesi hukitumia kulainisha ute, na njia ya kuchemsha sampuli kwa dakika tano katika nyuzi 100 nayo inajulikana. Potasiamu ikizidi upeo wa mashine, zimua sampuli na uandike umezimua mara ngapi. Neno "ute wa jicho" lazima lionekane kwenye ombi, la sivyo mtu wa zamu atadhani ni seramu, yaani maji ya damu, na kuitupa kama sampuli iliyoharibika.

Mashine ya kupima sukari kidoleni isitumike kwa ute. Imetengenezwa kwa ajili ya damu yenye chembe nyekundu, na kwenye jeli isiyo na chembe hizo jibu lake halina msingi. Ile ya ketoni inaweza kusaidia kuchuja tu, ili ujue sampuli ipi ipelekwe maabara kwanza.

Sukari: ya juu inasema, ya chini inanyamaza

Kama kuna sentensi moja ya kubandika ukutani mochwari, ni hiyo. Kwa kuwa sukari ya jicho hushuka baada ya kifo kwa kila mtu, sukari ya chini haithibitishi kwamba marehemu alikufa kwa kupungukiwa sukari. Haithibitishi chochote. Lakini ikikutwa juu, zaidi ya milimoli 10 kwa lita, ina maana kwamba alipokuwa hai ilikuwa juu zaidi ya hapo, na kisukari kilichomshinda nguvu kinaingia kwenye orodha ya kwanza. Mwaka 1969 mtafiti Traub alipendekeza kujumlisha sukari na laktati, kwa hoja kwamba laktati ndiyo sukari iliyoliwa. Hesabu hiyo inavutia lakini hatuipendekezi. Laktati hupanda kwa sababu nyingine nyingi, malaria kali na degedege zikiwemo, na ukiijumlisha unaweza kumpa kisukari mtu ambaye hakuwa nacho.

Sukari peke yake haitoshi. Ipime pamoja na beta-hidroksibutirati, ketoni kuu ya mwili. Katika damu, chini ya milimoli 0.5 kwa lita ni kawaida, na juu ya 2.5 ni ugonjwa. Sasa ziweke namba mbili pamoja. Sukari 24 na ketoni 9: kisukari kilichofika kwenye tindikali, na daktari akiangalia figo kwa hadubini atatafuta mabadiliko yanayoendana nacho. Sukari 0.8 na ketoni 9 kwa mtu aliyejulikana mtaani kwa kunywa gongo na kusahau kula: tindikali ya ulevi, kifo ambacho mara nyingi huandikwa "moyo kusimama", ilhali kila moyo husimama. Pombe yenyewe inaweza kukutwa kidogo sana au haipo, kwa sababu wengi hufikia hatua hii wakiwa wameshaacha kunywa kwa kutapika. Njaa ya muda mrefu nayo hupandisha ketoni, lakini mara nyingi si kwa kiwango hicho.

Kama kuna damu nzima kwenye chupa ya zambarau, HbA1c, kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu, inasaidia sana, kwa sababu haiyumbi haraka baada ya kifo. Asilimia 6.5 au zaidi inaonyesha kisukari cha miezi iliyopita hata kama hakikuwahi kugunduliwa. Tahadhari yake kwetu ni seli mundu: chembe nyekundu zinazoishi muda mfupi hushusha namba hii, na aliyeongezewa damu karibuni naye hatoi jibu la kweli.

Sumu ya insulini ni ngumu kuliko zote. Jicho limenyamaza, na chembe nyekundu zikipasuka humwaga kimeng'enya kinachokula insulini yenyewe, hivyo damu iliyokaa haina cha kutoa. Damu ya paja itenganishwe mapema na kugandishwa, ipimwe insulini pamoja na C-peptidi, kipande ambacho kongosho hukitoa pamoja na insulini yake yenyewe. Insulini juu na C-peptidi chini ni ya kuchomwa. Zote mbili zikiwa juu, fikiria vidonge vya kisukari kama glibenclamide, utafute dawa yenyewe kwenye mkojo na damu. Alama ya sindano ikionekana, ngozi yake ikatwe pamoja na mafuta ya chini na ihifadhiwe kwenye baridi.

Maji, chumvi na figo

Hapa jicho linatoa ushahidi ulio imara, maana urea na kreatinini hazibadiliki sana baada ya kifo. Sura ya upungufu wa maji aliyoiandika Coe ni sodiamu zaidi ya 155, kloraidi zaidi ya 135, na urea iliyopanda kiasi, takriban 14 hadi 36. Sura ya figo zilizokufa ni urea iliyoruka juu ya 53 pamoja na kreatinini, huku sodiamu na kloraidi zikiwa karibu na kawaida. Sodiamu na kloraidi zikiwa chini, 130 na 105 kushuka, angalia potasiamu kabla ya kusema lolote. Ikiwa chini ya 15, huenda kweli alikosa chumvi, kama inavyotokea kwa ugonjwa wa ini au matapishi ya muda mrefu. Ikizidi 20, huo ni uozo tu. Mwili uliotoka Chemba nyuma ya gari adhuhuri ya Novemba, baada ya usiku mzima bila jokofu, unaweza kufika na sura hiyo, na jibu sahihi ni kuandika kwamba chumvi hazisomeki.

Tena, ukimya usichukuliwe kuwa jibu. Kipindupindu hutoa maji na chumvi kwa uwiano unaokaribia ule wa damu, hivyo mtu anaweza kufa kwa kukaukiwa na sodiamu yake ikabaki 142. Urea na kreatinini ndizo zitakazodokeza, pamoja na macho yaliyozama na utumbo uliojaa maji. Na mtoto aliyeharisha akikutwa na sodiamu ya 180, uliza ORS ilichanganywaje. Pakiti moja ni ya lita moja. Ikikorogwa kwenye kikombe, dawa inageuka chumvi yenye kuua, na mama aliyeikoroga kwa nia njema anastahili kuulizwa kwa upole.

Potasiamu na saa ya kifo

Polisi hupenda namba hii kwa sababu inaonekana kama saa. Potasiamu ya jicho hupanda kwa mwendo unaokaribia mstari mnyoofu, na watafiti wameuandikia kanuni. Ya Sturner ya mwaka 1963: zidisha potasiamu kwa 7.14, toa 39.1, unapata saa tangu kifo. Ya Madea ya mwaka 1989: zidisha kwa 5.26, toa 30.9. Rudi kwenye potasiamu yetu ya 12. Sturner anasema saa 46 na nusu. Madea anasema saa 32. Tofauti ni saa 14, na katika saa hizo mtuhumiwa anaweza kuwa alikuwa Singida au alikuwa Dodoma.

Kanuni hizo zilitengenezwa katika nchi za baridi, na joto huharakisha uvujaji. Ukizitumia kwa mwili uliolala juani, utamrudisha marehemu nyuma kuliko alipofia. Aliyekuwa na figo mbovu huanza na potasiamu ya juu tayari. Macho mawili ya mtu mmoja nayo huweza kutofautiana. Kwa hiyo potasiamu itumike pamoja na joto la mwili, ukakamavu na lini alionekana mara ya mwisho. Ripoti itaje masafa ya saa, kamwe si saa moja.

Pombe

Kwa vifo vya barabara ya Dodoma hadi Morogoro, swali la pombe hufuata hadi kwenye bima. Damu ikioza, bakteria hutengeneza pombe yao wenyewe. Jicho, likiwa mbali nao, huchelewa kuchafuliwa. Damu yenye pombe na ute usio nayo, mkojo nao ukiwa safi, vinaonyesha kwamba pombe ilizaliwa mochwari. Kwa aliyekunywa kweli, ute huwa juu kidogo ya damu, karibu mara 1.2, kwa sababu una maji mengi zaidi.

Vipimo visivyo na kazi, na kimoja chenye kazi

Vimeng'enya vya ini visiombwe. Seli zote huvivuja baada ya kifo, na namba itakuwa juu kwa kila mtu. Hili si jambo dogo kwetu. Mwaka 2016, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa sumukuvu ya mahindi katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Katika tukio la namna hiyo, vimeng'enya vya ini vya marehemu havitatoa jibu. Kata kipande cha ini kwa ajili ya hadubini, chukua mahindi yaliyobaki kwenye gunia na unga uliobaki jikoni, na damu ya wale walio hai waliokula sufuria moja na marehemu.

Kipimo kinachostahili kukumbukwa zaidi ni triptesi, kimeng'enya kinachomwagwa mwili ukipatwa na mzio mkali, kwa kifo cha ghafla baada ya sindano ya penisilini au kuumwa na nyuki. Chukua damu ya paja tu, kwa mshipa uliofungwa juu, bila kukamua mguu, kwa sababu damu ya moyo huonyesha namba ya uongo iliyo juu. Kikomo cha walio hai, 11.4, ni kidogo mno kwa maiti. Mochwari hutumia karibu 45 mikrogramu kwa lita. Na hata ikivuka hapo, isimame pamoja na historia ya dakika za mwisho.

Kwenye fomu, kando ya kila namba, kuwe na maneno matano au sita: maji gani, jicho au mshipa upi, saa ngapi baada ya kifo, mwili ulikaa wapi kabla ya jokofu, chupa ya rangi gani, na kama kulikuwa na dripu.